Paka wa Sultani na Dhamana ya Wazee

Ushujaa wa kijana ni jambo lisifiwalo katika kila lugha. Palipo na zimwi, hadithi humtafuta mtoto wa kulikabili. Naye alishindapo, wazee hushangilia, wakasahau kuuliza zimwi lile lilitoka wapi. Swali hilo ndilo lifaalo kutazamwa. Je, wazee wana haki ya kumpeleka kijana kupigana na uovu ambao wao wenyewe waliulea, au waliuacha ukue?

Swali hili si geni katika milima ya Usambara. Kijana wa Bulwa, penye mashamba ya chai ya Usambara ya Mashariki, aweza leo kusoma katika simu yake visa vya picha vya Kijapani juu ya vijana wapiganao na mazimwi. Lakini nchi yake mwenyewe ina kisa chake. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kupigwa chapa katika miaka ya 1890, kikatolewa upya mwaka 1962. Mbegha, mtu wa Nguu, aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alidhaniwa kuwaletea jamaa zake mauti. Jamaa zake wakamkana, wakamnyima urithi. Akaenda akiishi na mbwa wake, akiwinda nguruwe waharibuo mashamba, hata akafika Usambara, akaua simba, akapewa ufalme.

Waliomkana Mbegha walitafuta hatari katika kinywa cha mtoto, ilhali nguruwe walikuwa shambani. Neno lao lilikuwa “si wetu”. Neno hilo ni rahisi kulisema, kwa kuwa lamwondolea msemaji mzigo. Walakini halikupunguza nguruwe hata mmoja.

Liko na neno la pili, linaloonekana kuwa kinyume cha hilo. Katika mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka alipokamata mnyama wa kufugwa, watu walishitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mnyama ni wake. Paka akazidi kukua, akafikia kula watu, na jibu halikubadilika. Siku alipowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani alipokiri kuwa yule si paka tena, bali ni nunda, mla watu. Aliyetoka kwenda kumtafuta na kumwua hakuwa Sultani. Alikuwa kitinda mimba, mtoto ambaye baba hakumthamini.

Sultani alisema “wangu” tangu mwanzo hata karibu na mwisho. Lakini umilikaji wake ulikuwa wa faida bila ya hasara: paka alikuwa wake, mauti yalikuwa ya wengine. Kwa hiyo “wangu” ya Majinuni na “si wetu” ya watu wa Nguu, ingawa zapingana kwa sauti, zafanana kwa tendo. Zote mbili zamwacha kijana peke yake mbele ya hatari.

Je, lipo neno la tatu? Kisa cha Kijapani kiitwacho Kimetsu no Yaiba, alichokichora Koyoharu Gotouge tangu mwaka 2016 hata 2020 katika vitabu 23, chatoa jibu lifaalo kupimwa. Tanjiro, mwana wa mchoma makaa, arudi nyumbani akute jamaa zake wameuawa, na dada yake Nezuko amegeuzwa zimwi. Hamkani dada yake, wala hamwachi ale watu. Ambeba mgongoni ndani ya kasha na kumlinda. Wakuu wa wapiganaji wanapotaka Nezuko auawe, wasikia ahadi ya mwalimu wake, mzee Urokodaki: Nezuko akimla mtu, Tanjiro atajitoa uhai, na Urokodaki pamoja na mwenzake Giyu watajitoa uhai vilevile. Mzee huyu asema “wetu” kama Sultani, lakini rehani aliyoiweka ni shingo yake mwenyewe. Hiyo ndiyo dhamana, nayo yatofautiana na umilikaji kama mlinzi atofautianavyo na mnunuzi.

Msomaji aweza kupinga na kusema: zimwi lililo mlangoni halingoji uchunguzi, anayeweza kupigana na apigane, na maswali yatafuata. Hoja hii ina kweli yake. Kitinda mimba wa Majinuni angengoja baba atubu, mji wote ungalikwisha kuliwa. Tena kijana ana hiari yake, na kumnyima nafasi ya ushujaa ni kumdharau. Lakini hoja hiyo yahesabia haki vita tu. Haihesabii haki kimya cha baada ya vita. Maswali yasipofuata, ushindi huwa ni kumwua paka mmoja na kuiacha nyumba ikifuga mwingine.

Historia ya Usambara yashuhudia jambo hilo. Ukoo wa Mbegha ulipewa nchi kwa sababu ya simba aliyeuawa. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, warithi wake waligombana wao kwa wao, na raia wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Wale ambao baba zao walimwita mwindaji awaokoe na wanyama walijikuta mawindo ya nyumba ya mwindaji. Mtawala alisema “watu wangu” kwa maana ile ile ya Majinuni.

Basi, haki ya mzee kumpeleka kijana vitani haitokani na umri wake wala na cheo chake. Yatokana na kile alichokiweka rehani yeye mwenyewe kabla kijana hajatoka. Asiyeweka kitu ana ruhusa ya kuomba msaada kwa unyenyekevu. Hana ruhusa ya kuamuru. Na kijana aitwaye shujaa ana haki, kabla ya kuushika mkuki, ya kuwauliza wanaomsifu: paka huyu alikula nini nyumbani mwenu, na ni nani aliyekuwa akimpa?