Shahidi wa Asubuhi

Katika ngano zetu ni wachache walioshitakiwa mara nyingi kama fisi. Sungura akiwa mwerevu, fisi huwa mjinga. Simba akiwa mfalme, fisi huwa mla makombo. Methali nazo hazimwachi: twaambiwa kuwa njia mbili zilimshinda fisi, na kuwa fisi akimla muwele, mzima na afunge mlango. Mtoto huyasikia haya kabla hajamwona fisi kwa macho yake, na siku amwonapo, hukumu yake huwa imekwisha kukatwa. Nataka, msomaji, tuisikilize kesi hii upya. Si kwa ajili ya fisi peke yake, bali kwa ajili yetu sisi tunaohukumu.

Shitaka kubwa ni kwamba fisi ni mvivu na mwoga, aishiye kwa jasho la wenziwe. Ushahidi wake ulionekana kuwa mzito. Wageni waliofika katika kreta ya Ngorongoro, nchini Tanzania, walitoka kutazama wanyama kulipopambazuka. Walimkuta simba amelalia mzoga wa nyumbu, kinywa chake chekundu kwa damu, na fisi wameketi kando wakingoja. Ni nani angeona hayo akasema vingine? Mwindaji alikuwa akila, na ombaomba alikuwa akisubiri.

Lakini katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Hans Kruuk, aliwafuata fisi hao usiku, saa ambazo wageni wamelala. Aliona kwamba mara nyingi fisi ndio waliomfukuza nyumbu gizani na kumwangusha. Simba walizisikia kelele za karamu, wakaja, wakawafukuza wenye kitoweo. Jua lilipochomoza, mnyang’anyi alikuwa amekaa penye chakula, na aliyekitafuta alikuwa amesimama mbali. Katika kitabu alichotoa mwaka 1972, Kruuk alieleza kwamba fisi wa madoa wa mahali pale walijiwindia sehemu kubwa ya chakula chao.

Tazama basi jambo la ajabu. Wageni wale hawakusema uongo. Kila walichokisema walikiona. Kosa lao halikuwa la macho, lilikuwa la saa: walifika mwisho wa kisa, wakadhani wameuona mwanzo wake.

Yako na mengine ambayo ngano hazikutuambia. Katika Masai Mara, hapa kwetu Kenya, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia fisi tangu mwaka 1988. Katika jamii ya fisi wa madoa, majike ni wakubwa kuliko madume, nao ndio watawalao. Na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Mama huwanyonyesha wanawe kwa zaidi ya mwaka mmoja. Fisi huvunja mifupa na kuimeng’enya, hata kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Na kile tukiitacho kicheko chake si furaha: aghalabu ni sauti ya fisi mwenye wasiwasi, au anayeshambuliwa na wenziwe. Ni mara ngapi tumemsikia anayeteseka, tukasema anacheka!

Huenda ukaniuliza, “Je, fisi hana hatia yoyote?” Siwezi kusema hivyo. Fisi hula mizoga, na mfugaji aliyepoteza mbuzi wake usiku ana haki ya kulalamika. Lakini simba naye hula mizoga, naye huvunja maboma, wala hatukumvua taji. Haki haitaki umpende mshitakiwa. Yataka umpime kwa mizani ile ile umpimiayo mwenziwe.

Huenda tena ukasema, “Fisi hasomi vitabu wala hajui anavyosemwa, dhara liko wapi?” Dhara liko pahali pawili. Kwanza, mnyama aliyekwisha kuchukiwa huuawa bila majuto. Watu hutia sumu katika mzoga ili wamkomeshe fisi au simba, na tumbusi wasio na kosa lolote hufa kwa wingi pamoja naye. Pili, dhara li ndani ya mwenye kuhukumu. Anayezoea kukata neno juu ya mnyama kwa kuona mara moja hatabadili desturi yake akikutana na binadamu. Atamkuta mwanafunzi amesimama karibu na dirisha lililovunjika, naye atasema, “Ndiye.” Atamwona mwenzake amesinzia darasani, naye atasema, “Mvivu,” asijue kwamba alikesha akimwuguza mama yake.

Je, tuzitupe ngano zetu? Hasha. Ngano haikutungwa ili itufundishe tabia za fisi. Ilitungwa ili itufundishe tabia zetu. Imeazima ngozi ya fisi ikamvika mtu mwenye tamaa, ili tumcheke bila kumtaja jina. Aliyesimama penye njia panda akitaka nyama za pande zote mbili ni mimi, au ni wewe. Kosa letu ni kusahau kwamba ngozi ile iliazimwa, tukaenda porini kumdai mwenyewe deni lisilo lake.

Basi, kijana, utakapotaka kumhukumu kiumbe yeyote, mwenye miguu minne au miwili, jiulize kwanza ulifika saa ngapi. Ukiwa umefika asubuhi, sema ulichokiona asubuhi, wala usiongeze neno. Na mtu akikuletea hukumu iliyo tayari juu ya mwenzako, mwulize kwa adabu swali moja: “Usiku ulikuwapo?”