Tulimpelekea Chakula, Tukamnyima Kazi

Kuwatazama wafungwa ni tendo la huruma, nasi Wakristu wa Lubumbashi hatulisahau. Siku ya Dominika, baada ya Misa, wamama wa parokia hubeba sufuria za bukari na sombe mpaka gereza la Kasapa. Wafanya vema, maana katika inchi yetu mfungwa asiye na ndugu wa kumletea chakula aweza kufa njaa. Lakini leo twauliza swali lingine. Mtu yule yule akitoka, akabisha hodi mlangoni petu, akaomba kazi badala ya bukari, twamjibu nini?

Sisi tunaoandika haya tulijibu vibaya. Tulikuwa katika halmashauri ya parokia wakati wa kujenga ukuta wa shule. Akaja mwashi mmoja, Mkristu wa jumuiya yetu, aliyekuwa amefungwa mwaka mmoja na nusu kwa kuuza mifuko ya saruji ya tajiri wake. Kosa hakulikana. Kazi ya mikono yake tuliijua, nyumba nyingi za mtaa wetu amezijenga yeye. Tukamwambia: «Tutaona.» Akarudi mara tatu, na mara tatu tukamwambia tutaona, nasi tukijua kabisa kwamba hatutaona kitu. Ukuta tukampa mwingine (na ukuta huo umepinda). Yeye akaenda upande wa Kolwezi, kwenye mashimo ya shaba na kobalti, kwa maana wachimbaji wa kule hawaulizani karatasi. Katika mashimo hayo udongo huwaangukia watu. Mke wake na watoto walibaki hapa.

Makampuni makubwa huomba karatasi ya mahakama inayoonyesha kama mtu aliwahi kuhukumiwa, na karatasi ya mwenendo mwema. Tusidanganyane: kwetu sisi wenye kazi ndogo, wa duka, wa shamba, wa useremala, nani anauliza karatasi? Mdomo wa mtaa watosha. Na mdomo huo haupambanui. Wengi waliomo katika magereza yetu hawajahukumiwa bado; wangoja siku yao mbele ya mwamuzi, miezi, hata miaka. Gereza la Makala, kule Kinshasa, lilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa yao walikuwa wakingoja hukumu. Mtu wa namna hiyo akiachiliwa, karatasi yake ni safi, lakini mtaa wasema: «Huyu ametoka buloko.» Basi, amekwisha.

Hata kwa mwenye kosa la kweli, sheria ina kipimo. Kitabu cha sheria za makosa cha 30 Januari 1940, ambacho kimerekebishwa mara nyingi, chasema kwamba kwa wizi wa kawaida, usio wa nguvu wala vitisho, kifungo hakizidi miaka 5. Mwamuzi huhesabu: miezi hii, franka hizi, kisha mtu aende zake. Sisi hatuhesabu. Twamwongezea hukumu ya pili isiyo na mwisho, tena bila kumsikiliza, halafu twaiita busara. Kwa haki gani?

Hapa mama mwenye duka la unga atatujibu: «Ninyi mwasema vizuri, lakini akiniibia, nani atanilipa? Watoto wangu watakula maneno yenu?» Neno hili si la kudharau. Mwenye mtaji wa mifuko mitano hawezi kupoteza hata mmoja. Wala si dhambi kutompa sanduku la pesa, siku ya kwanza, mtu aliyefungwa kwa sababu ya pesa. Mwangalifu huchagua kazi ya kumpa mtu. Kumnyima kila kazi ni jambo lingine. Mwashi wetu hakuomba ufunguo wa depo. Aliomba kupanga matofali, na saruji tungeweza kuihesabu kila jioni, kama ipasavyo kuihesabu kwa fundi ye yote.

Mtume Paulo alilijua swali la mama huyu. Katika barua yake kwa Filemoni, fupi kuliko zote alizoandika, aya 25 tu, amwombea Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake. Hasara haifichi. Asema kwamba kama liko deni, liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalipa. Na neno hilo aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Wakati huo yeye alikuwa kifungoni! Sisi tulio huru, tena wenye sanduku la jumuiya, tumemwachia mama wa unga hatari yote peke yake, kisha twamhubiria ukarimu.

Halmashauri imekubali, baada ya ubishi mrefu, jambo dogo: mtu akitoka gerezani, watu watatu wa jumuiya yake watie majina yao kumdhamini kwa miezi sita, na hasara ikitokea, sanduku lilipe nusu. Mzee mmoja alikataa, akasema sanduku ni la wagonjwa na la misiba. Hatukuweza kumjibu vema, maana asema kweli, sanduku ni dogo. Jina la kwanza lililoandikwa ni la mwashi yule. Tulimtumia habari Kolwezi kwa mkono wa dereva wa lori. Mpaka leo hajajibu.