Kabla ya Kuitwa Mbele ya Kamera

Wajukuu zangu wa Mtwara, Mikindani na Msimbati, nasikia wengi wenu mnautaka uigizaji. Siwakatazi. Wapo watakaowaambia kuwa ni kazi ya wahuni. Wasikilizeni kwa adabu, kisha mwendelee. Langu ni moja tu: usiyaigize maisha ya mtu ambaye hujamsikiliza.

Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video na sinema za Kihindi, mtu mmoja anapiga kumi. Lakini India hiyo hiyo ina Nandita Das. Yeye alisomea ustawi wa jamii hadi shahada ya uzamili, akaigiza michezo ya mitaani na kundi la Jana Natya Manch, na akafanya kazi na mashirika yanayotetea wanyonge. Amecheza katika Fire ya mwaka 1996, Earth ya 1998, na Bawandar ya 2000, inayotokana na kisa cha kweli cha mwanamke wa kijijini Rajasthan aliyebakwa kwa sababu alipinga ndoa za watoto. Filamu za namna hiyo hazina fedha nyingi, na mada zake huwaudhi wakubwa. Tena Nandita ni mweusi, na ametoka hadharani kupinga kasumba kwamba weupe ndio uzuri. Basi na ninyi acheni mkorogo. Uso uliochubuliwa hauwezi kumwigiza mama wa Nanyamba akaaminika.

Msidhani ni mambo ya Wahindi peke yao. Mwaka 2015 shirika la UZIKWASA la Pangani lilitoa filamu ya Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar. Godliver Gordian anamwigiza mwanamke aliyerudi kwao, akabakwa na kundi la wanaume, na anapotafuta haki anakuta jamaa wanataka yaishe kimyakimya. Mwaka 2021 Amil Shivji akatoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ikhlas Gafur Vora ndiye Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa enzi za Mwingereza. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Hayo ni mambo ya kwetu, yamesemwa kwa Kiswahili chetu, na dunia imeyatazama.

Na huku kusini visa vimejaa. Yupo mama anayeuza korosho zake kwa walanguzi wa kangomba zikiwa bado mtini, kwa sababu shule zinafunguliwa na mnada uko mbali. Wapo watu wa Kitaya waliovamiwa Oktoba 2020, wakati vita ya Cabo Delgado, Msumbiji, ilipovuka Ruvuma, mto ambao ndugu wa ng'ambo zote mbili walikuwa wakiuvuka kwa mitumbwi kwenda harusini na msibani.

Sasa wewe umepewa uhusika wa mbangua korosho. Usikimbilie kwa mpaka vipodozi. Nenda ukakae naye. Tazama anavyopaka majivu viganjani kabla hajashika rungu, kwa maana mafuta ya ganda yanababua ngozi. Tazama anavyoipiga korosho kwa kipimo, ganda lipasuke na kiini kitoke kizima, kwa kuwa kilichovunjika hakina bei. Mwangalie akila: vidole vilivyoungua huogopa mchuzi wa moto. Hilo hutalikuta kwenye skripti. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ukishasikiliza, omba ruhusa. Aliyekueleza jinsi alivyodhulumiwa hakukupa kisa chake uende nacho mjini. Muulize jina lake libaki au libadilishwe, na kijiji kitajwe au kifichwe. Akisema hapana, basi ni hapana, hata kama mwongozaji amekasirika.

Kuhusu fedha, nisiwadanganye. Someni mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia saini, na muwe na shughuli nyingine: cherehani, shamba, ualimu, chochote. Mwenye njaa hachagui uhusika, na asiyechagua atachezeshwa upuuzi maisha yake yote.

Filamu ikikamilika, ionyesheni kwanza kijijini kwa mwenye kisa, kabla ya Dar es Salaam na kabla ya matamasha ya ng'ambo. Akisema, "Mwanangu, haikuwa hivi," msibishane naye. Rudini mkarekebishe.