Mpunguzieni Mtoto Istanbul

Enyi wazazi mnaojiandaa kwenda Istanbul na watoto wadogo, nawasihi: ichukueni ile orodha yenu ya mahali pa kutembelea mfute nusu yake. Mkimaliza, futeni tena.

Nimeziona orodha hizo. Asubuhi Hagia Sophia, saa nne jumba la Topkapı, mchana soko la Grand Bazaar, jioni mnara wa Galata. Ratiba hiyo mmempangia nani? Mtoto wa miaka minne hana habari kwamba Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537. Anachokijua ni kwamba miguu inamuuma, na vichochoro vya mji ule mkongwe havishi kupanda na kushuka. Mtamburura, atalia, mtamgombeza mbele ya watu, na safari mliyoidundulizia mwaka mzima itaishia kwenye machozi. Msimtendee hivyo!

Mpeni jambo moja kwa siku, basi. Mshusheni Yerebatan, birika la chini ya ardhi lililojengwa enzi za mfalme Justinian. Nguzo 336 zimesimama majini katika giza, na kule mwisho kuna vichwa viwili vya Medusa vya mawe, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Mwacheni achuchumae pale. Apinde shingo mpaka macho yake yakutane na ya yule aliyepinduliwa, aulize kwa nini, ajibiwe, aulize tena. Msimharakishe, kwa maana hapo ndipo mji unapomwingia moyoni.

Alasiri akimbie Gülhane, iliyokuwa bustani ya jumba la Topkapı. Au pandeni feri pale Eminönü mvuke kwenda Kadıköy. Ni usafiri wa wananchi wa kila siku, mnagonga tu kadi ya Istanbulkart, na kwa dakika kama 20 mtoto ametoka Ulaya akafika Asia! Mnunulieni simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, awarushie shakwe vipande wakifuata chombo. Nanyi kaeni, mnywe chai. Mimi sijui jumba la makumbusho linaloweza kuishinda saa hiyo.

Raha hiyo haiji bila maandalizi. Tafuteni malazi karibu na tramu ya T1, ili adhuhuri mrudi mlale, watoto na wakubwa pia. Kigari cha mtoto kitawatesa kwenye miinuko ya Galata; fungasheni mbeleko, hata kanga. Topkapı hufungwa Jumanne. Nanyi akina baba, msimwachie mama begi la nepi na kilio cha usiku huku mkono wenu ukishika kamera tu!

Leo hii, kabla hamjalipia chochote, mketisheni mtoto. Mwonyesheni picha ya feri na picha ya birika, mumwulize anataka kuanza na lipi. Atakalolichagua, liandikeni la kwanza.