Muulizeni Aliyekesha

Wanangu, nimechoka, lakini hili sitaondoka nalo. Ketini.

Daktari, asubuhi ukija raundi, faili linakuonyesha presha, oksijeni na kiasi cha mkojo. Halikuonyeshi kwamba saa tisa usiku mzee wa kitanda cha nne aliusukuma mkono uliokuwa ukimfyonza makohozi, akageukia ukutani. Aliyeyaona hayo amesimama nyuma yako, kashika beseni. Ukipita bila kumwuliza, utamwamulia mtu usiyemjua.

Nawe sista, usidhani lawama zimeishia kwake. Zamani, mama mmoja aliniambia, kabla hajawekwa mrija, kwamba akizidiwa arudishwe kwake, akalale kwenye kitanda alichozalia wanawe. Nikaona si kazi yangu kumfikishia daktari. Akakaa kwenye mashine ya kupumulia siku 11, akafia hapo hapo. Kila baada ya saa 2 nilimgeuza, nikimwomba radhi kimoyomoyo. Daktari yule hakuwa mkatili. Hakujua. Aliyejua ni mimi.

Ufaransa walilitia jambo hili katika sheria tangu 2005: mgonjwa asiyeweza kujieleza, daktari hasitishi tiba inayomshikilia uhai kabla hajashauriana na timu inayomuuguza na kusikia maoni ya daktari mwingine, na sababu ziandikwe kwenye faili. Uamuzi unabaki wa daktari. Lakini haufanywi kimya kimya.

Wafikirieni na ndugu walio kwenye benchi kule nje. Daktari anawaambia, "Tunajaribu." Muuguzi anawanong'oneza, "Mwombeeni tu." Washike lipi? Mwingine ameshauza shamba kulipia siku za kitanda, na hadi leo hajaambiwa na nyote wawili, mmekaa naye pamoja, kwamba mapafu ya baba yake hayarudi tena. Mwambieni kwa kauli moja. Mwambieni pia kwamba kuondoa mashine si kumtupa mzee: dawa ya maumivu itaendelea, midomo italoweshwa, atageuzwa, na mwanawe ataruhusiwa kumshika mkono.

Mtabishana, najua. Bishaneni ofisini, mlango umefungwa, kabla ya kutoka kwenda kwa ndugu.

Basi kesho, Daktari, kabla hujafungua faili la kitanda cha nne, mwahi sista wa zamu ya usiku kabla hajapanda daladala. Nawe sista, akikuuliza, usimjibu "hali ni ile ile." Mweleze habari ya ule mkono.