Kosa la mshono: tufumue ao tuache?

Ulizo hili hatukulitosha katika vitabu. Lilitufikia juu ya kifuniko cha kitanda. Hapa Lubumbashi, katika kartiye yetu, wamama walikubaliana kumshonea binti mmoja kifuniko kwa ajili ya ndoa yake. Kila nyumba ilitoa kipande cha kitenge, na vipande viliunganishwa kwa mkono, kwa sababu mashini ingewafukuza wale wasiojua kuitumia. Kipande cha katikati kilikatwa katika kitenge cha ndege cha marehemu mama yake binti. Aliyekishona pale ni mama yake mukubwa, dada mukubwa wa marehemu. Siku kazi ilipotandikwa chini ili wote waione, tuliona kwamba ndege wote wanaruka vichwa chini. Mama mukubwa alikuwa anachekelea. Macho yake yamechoka, na hakuna aliyefungua kinywa.

Jioni tulibaki wachache, na mabishano yakaanza. Mmoja akasema: "Tufumue usiku, kesho hatajua kintu." Mwingine akajibu: "Na akijua? Utamwambia kama mikono yake haifai tena?" Wa tatu akamkatiza: "Lakini binti njo mwenye kulala na ile kintu miaka yote. Kila asubui ataona ndege ya mama yake imeanguka." Sisi tulikuwa upande wa kufumua. Tulitaka kazi iwe safi, na tulijiona wenye akili.

Tangu siku ile tumefikiri sana, na fikara zimetupeleka mpaka Kasai, kwa Bakuba.

Wengi wetu tunajua vitambaa vya Bakuba kwa macho tu. Tunaviona ukutani katika nyumba za wakubwa, ao mikononi mwa wauzaji. Lakini namna vinavyofanywa inafaa kujulikana. Mwanaume ndiye anayefuma. Nyuzi zinatoshwa katika majani machanga ya rafia, na kwa sababu jani lina mwisho wake, kitambaa nacho hakiwezi kupita pale: kinatoka kipande cha pembe nne, si kikubwa. Tena kinatoka kigumu sawa mukeka. Basi kinapigwa katika kinu ili kilainike. Na matatizo yanaanzia palepale katika kinu, kwani mchi haulainishi tu, unatoboa vilevile. Mwanamke akipokea kitambaa chenye tundu hakitupi. Anakata kiraka cha rafia, anakishona juu ya tundu.

Wataalamu waliochunguza mambo haya wanaona kwamba viraka hivyo ndivyo chanzo cha mapambo ya zile sketi ndefu za wanawake, ambazo zinafika mita 6 na kupita, na zinazungushwa kiunoni mara nyingi. Kiraka kimoja peke yake kingekuwa aibu. Lakini mwanamke akiisha kuziba tundu, anaweka viraka vingine mahali pasipo na tundu lolote, vingine vya mviringo, vingine vimepindwa sawa kiwiko cha mkono, mpaka kitambaa chote kinajaa alama. Mtu akisimama mbele yake hawezi kusema tundu liko wapi.

Je, huko ni kuficha kosa, ao ni kulikubali? Tulipoleta ulizo hili mbele ya wenzetu, nusu walisema ni kuficha. Sisi tunakataa. Anayeficha anataka kitu kirudi kama vile hakuna kilichotokea. Huyu mama hakirudishi nyuma. Tundu ndilo lililomwonyesha mahali pa kuanzia, na kila kiraka kingine kinafuata kile cha kwanza. Bila mchi kutoboa, sketi ile ingekuwa sketi ingine.

Na si kitambaa cha mchezo. Sketi hizo zinavalishwa maiti. Katika desturi yao, aliyezikwa bila mavazi hayo ni sawa na aliyezikwa uchi, na jamaa zake waliotangulia hawatamtambua. Watu wengi wa ukoo wanashona sketi moja, na mkono wa kila mmoja unaonekana, wenye ujuzi na wasio na ujuzi. Vazi la heshima kupita yote, la kwendea kwa wazee, ni vazi la viraka!

Wengine wanatuletea fundisho ambalo halitupendezi. Wanasema kuna mafundi wanaoweka kosa kwa makusudi, kwa sababu Mungu peke yake ni mkamilifu. Huko Marekani wanasimulia hivyo juu ya Waamish na vifuniko vyao vya vipande. Wachunguzi wa historia ya kazi zile hawakupata ushuhuda wa nguvu, na wanaiona kuwa hadithi tu. Hata ingekuwa kweli, tungeuliza: unayeweka kosa moja kwa makusudi, ulihesabu namna gani yale mengine? Kosa la kweli halitumwi. Linakuja lenyewe, ukiwa unafanya nguvu zako zote.

Lakini tusieleweke vibaya. Kuna washoni katika muji wetu ambao wanakata kitenge cha mtu vibaya, na akija kulalamika wanamwambia: "Mama, hii ni kazi ya mikono." Hapana! Kitenge kilikuwa cha mwenyewe, na feza alilipa. Mshono utakaofunguka sokoni ni wa kufumuliwa, hata kama fundi ni mzee wa miaka 80. Vivyo hivyo kwa mwashi aliyepinda ukuta. Mwenye kuumia na kosa ndiye mwenye haki ya kulisamehe, si mwenye kulifanya. Na hapa ndipo tulipoanza kuona aibu yetu: usiku ule tulikuwa tunapanga kusamehe na kuhukumu katika nyumba ya wengine. Hatukumwuliza binti. Hatukumwuliza mama mukubwa. Tuliita huruma, kumbe tulikuwa tunaogopa dakika moja tu, ile ya kumwambia.

Basi, tuseme yaliyotokea. Tulifumua. Tulichukua wembe, tukaanza upande mmoja wa ndege. Kitenge kilikuwa cha zamani, kimefuliwa miaka mingi, na kila tundu la sindano lilikuwa limekilegeza. Tulipofika urefu wa kiganja, kikapasuka, kutoka mshono mpaka katika bawa la ndege mmoja. Tukaweka wembe chini. Sasa kosa halikuwa tena la mama mukubwa, lilikuwa letu, na lilikuwa baya kuliko lake. Ndege wa kichwa chini alikuwa mzima.

Asubuhi tukaenda kwake na kifuniko kimekunjwa. Binti naye alikuwa pale. Tulieleza yote, ndege pia, macho pia. Mama mukubwa alinyamaza. Akapitisha kidole juu ya mpasuko, polepole, mpaka mwisho wake, kiisha akauliza kama kunabaki kipande kingine cha kitenge kile cha mdogo wake. Kilibaki kidogo, sawa kiganja cha mtoto. Binti akasema kipande kikubwa kibaki vile kilivyo, asigeuzwe ndege hata mmoja. Mama mukubwa akaomba sindano, akasema kiraka atashona mwenyewe.

Alishona mpaka saa sita. Sisi tulikaa kando yake, tukimtilia uzi katika tundu la sindano kila ulipoisha.