Siku za Asiye na Hatia

Hakimu anapomfunga mtu, kinachochukuliwa kwanza ni wakati wake. Miaka mitatu, miaka saba, miaka thelathini: hesabu inatajwa hadharani, sababu zinaandikwa, na asiyeridhika anakata rufaa. Kwa kuwa wakati ukishapita haurudi, dola haina ruhusa ya kuuchukua bila kutoa sababu na kuweka mwisho. Uhalali wa gereza unasimama hapo. Je, ni uhalali gani unaomweka ndani mtu ambaye hakuna hakimu aliyempimia siku zake?

Magereza ya Tanzania yana wafungwa na yana mahabusu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Hata hivyo jioni milango inapofungwa, wote wamehesabiwa na wote wamefungiwa.

Ukitazama vizuri, mwenye hatia ndiye aliyefikiriwa zaidi na sheria. Mfungwa ana tarehe ya kutoka. Akiwa na mwenendo mzuri, kwa kawaida hupunguziwa theluthi ya kifungo. Ipo Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, na Aprili 26 au Desemba 9 zikikaribia, familia nyingi husubiri tangazo kwa hamu. Mahabusu hayumo katika lolote kati ya hayo, kwani asiyepatikana na kosa hana cha kusamehewa.

Siku ya kesi yake anapanda karandinga hadi mahakamani. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Kama shtaka ni la mauaji, hakimu aliye mbele yake hana hata mamlaka ya kuisikiliza kesi. Anaandika tarehe, mara nyingi wiki mbili mbele. Mama aliyetoka nyumbani alfajiri anampungia mwanawe mkono kwa mbali, na gari linarudi gerezani. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini anayesubiri sharti ajue anasubiri nini, na hadi lini.

Nani alaumiwe? Askari magereza hawezi kumkataa mtu aliyeletwa kwa hati ya mahakama, wala kumtoa bila hati. Mahakama inamsubiri Mkurugenzi wa Mashtaka, naye anawasubiri wapelelezi. Kila mmoja anaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu, na bado asiwepo hata mmoja anayewajibika kwa siku za mtu huyu. Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia Gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza waliomo wakieleza walivyokaa muda mrefu. Alifanya jambo jema. Lakini haki inayongoja kiongozi apite bado haijawa haki.

Wapo watakaosema usalama wa jamii unadai hivyo: mshtakiwa anaweza kutoroka, au kuwatisha mashahidi. Hoja hiyo ina uzito. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Tuseme basi zuio lina sababu. Sababu ya kumshikilia mtu bado si sababu ya kumshikilia bila kikomo. Hatari huthibitishwa kwa ushahidi, na ushahidi usiopatikana kwa miaka unaidhoofisha hoja ya hatari yenyewe.

Dola inayomshika mtu kabla ya hukumu inakopa siku zake, na mkopo wa halali huwa na tarehe ya kulipwa. Kikomo hicho kiandikwe ndani ya sheria, kwa makosa yote bila kubagua. Kikifika, ama kesi ianze kusikilizwa, ama mshtakiwa atoke kwa dhamana. Na mahakama ikimwona hana hatia, alipwe fidia bila kulazimika kuidai. Kesi hizi hufunguliwa kwa jina la Jamhuri, yaani kwa jina letu sote. Siku zinazochukuliwa bila kikomo ni adhabu isiyo na hakimu, na sisi ndio tunaoitoa.